Ukurasa wa Kushoto

Kati ya kurasa zote alizowahi kuandika Madam, ule uliosambaa zaidi, kutoka Homa Bay hadi Migori na vijiji vya chini ambako mto unaingia ziwani, ni ukurasa aliouandika makusudi ukiwa na kosa. Kosa hilo aliliweka mwenyewe, akalijaribu, akahakikisha kwamba linakwenda bila kompyuta kulalamika. Alitaka wanaoanza kujifunza kuandika programu walione sura yake wapate kulikwepa. Wao wakalinakili. Tangu hapo amekuwa akiufuata ukurasa huo kila unakosikika, na ukurasa unamshinda mbio.

Nilifanya kazi naye kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Homa Bay. Yeye alifundisha kompyuta baada ya kufundisha hesabu karibu maisha yake yote. Mimi nilifundisha Kiswahili. Wanafunzi na walimu tulimwita Madam tu. Mimi ni Mkuria wa Migori na yeye ni Mjaluo, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiswahili, chake cha haraka na kisichojali ngeli, changu cha kusahihisha ngeli za watu.

Siku ya kwanza kuzungumza naye kwa kirefu, alikuja mezani kwangu na karatasi, akaniita dada kwa Kijaluo.

"Nyaminwa, wewe hujui kompyuta, sivyo?"

"Sijui."

"Vizuri sana. Usijifunze."

Akanikalisha mbele ya mashine, akaiweka karatasi kando ya kibodi. "Soma hii, fanya vile inasema. Usiniulize kitu. Ukikwama, kwama."

Nilikwama. Alisimama nyuma yangu, mikono kifuani. Kila niliposita aliweka alama ndogo ya penseli kwenye karatasi, si kwenye daftari la makosa yangu. Baadaye aliwaambia walimu wengine kwamba amepata mjinga wake, na jina likanibaki. "Mjinga wangu akikwama," alikuwa akisema, "ni karatasi imekwama."

Mambo niliyokwama nayo yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa na nambari za mistari pembeni, moja, mbili, tatu, ili darasa liweze kusema "tazama mstari wa pili." Mimi nilizipiga zote pamoja na maneno.

"Kwa nini umeandika moja?"

"Imeandikwa."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaichukua karatasi, akaitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Wiki hiyohiyo nambari zilitoweka kutoka mifano yake yote, na hazikurudi.

Kuna mwanafunzi aliyepiga hata jibu la kompyuta, kwa kuwa lilichapishwa chini ya amri kwa herufi zilezile. Basi Madam akaanza kuchora visanduku: cha mstari mzito kwa yale utakayoyapiga wewe, cha nukta nukta kwa yale itakayokujibu mashine. Vitabu vya kutoka nje vilivyoruka sehemu ya mfano na kuweka nukta tatu vilimkasirisha. "Hapa wanamaanisha na kadhalika," aliniambia akigonga ukurasa kwa kidole. "Kompyuta haijui na kadhalika. Na wewe pia hujui. Sasa nani anajua?" Kila mfano wake ulianza mwanzo na kuisha mwisho, hata kama ilimbidi kurudia mistari ileile katika kurasa tatu mfululizo.

Aligombana kwa muda mrefu na katibu muhtasi wa chuo, mama mpole aliyekuwa akimpigia chapa kazi zake. Alama za kunukuu zilitoka zimepinda kama ndoana, na programu haikubali alama zilizopinda.

"Madam, mimi sijagusa kitu. Ni mashine inarembesha."

"Iambie iwache kurembesha."

"Haisikii."

"Basi nipe mimi niandike."

Tangu siku hiyo aliandika mwenyewe. Na kabla ya kuchapisha nakala nyingi, alichukua karatasi iliyochapwa, akafunga kila kitu kingine, akaupiga mfano upya herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa nini asiunakili tu kutoka kwenye faili. Alisema mtu wa Muhuru Bay mwenye karatasi hana faili.

Lazima niseme pia kwamba mwanamke huyu aliyeidai karatasi iwe wazi hakuwa wazi hata kidogo mdomoni. Kwenye mikutano ya walimu alianza habari ya viti vya maabara akaishia kwenye harusi ya mpwa wake, na mkuu wa chuo alikuwa akitazama saa waziwazi. Aliponialika kwake Rusinga mara ya kwanza, maelekezo yalikuwa haya: "Ukivuka daraja la Mbita, enda tu, utaona."

"Nitaona nini?"

"Utaona."

Sikuona. Nilizunguka hadi mwenye pikipiki aliponiuliza namtafuta nani, nikasema mwalimu wa kompyuta, akasema, "Si ungesema Japuonj," akanipeleka moja kwa moja. Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Huko kwao hana jina lingine. Nilipomlalamikia, alishangaa kweli. Kwake yeye njia ilikuwa wazi.

Wala hakupenda kurekebishwa. Mwanafunzi mmoja hodari alimwonyesha jinsi ya kuandika kwa mstari mmoja kazi ambayo Madam aliieleza kwa mistari mitano.

"Madam, hii yangu ni fupi."

"Fupi kwa nani?"

Darasa likaguna, na yule kijana akakaa. Lilikuwa swali zuri, na nimelitumia mwenyewe mara nyingi nikisahihisha insha. Ila ile mistari mitano hakuigusa tena, na mimi nadhani miwili ingetosha.

Jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba mifano yake ilihusu vitu vya hapa. Vitabu vingi vya wanaoanza hutumia herufi tupu, x na y, au maneno yasiyo na maana popote. Yeye alitumia gorogoro, mkebe wa kupimia unaoujua kila mtu sokoni. Alitumia nauli ya Rongo, kuku wa kienyeji, omena, wale dagaa wa ziwani, waliokauka na waliobaki na maji. "Mtu hawezi kushtuka akipata jibu mbaya," alisema, "kama hajui jibu mzuri inafanana aje. Ukimwambia gorogoro tatu za omena zimejaza lori, atashtuka." Alitaka mfano uwe kitu ambacho mtu angeweza kwenda nacho nyumbani akakitumia kesho yake.

Walikwenda nao nyumbani kweli.

Sasa nieleze upande wa kushoto. Alipokuwa akifundisha hesabu, Madam aligawanya ubao kwa mstari wa chaki katikati. Kushoto aliandika njia yenye kosa, nzima, safi, bila alama ya mkasi wala neno lolote la kuonya. Kulia aliandika njia sahihi. Darasa lilipaswa kutafuta mahali ambapo njia zile mbili zinaachana. Kipindi kikiisha alifuta kushoto kwanza. Kila aliyepita mikononi mwake alijua kwamba kushoto ni pa kufutwa, na hata ikawa lugha ya kutaniana chuoni. Mtu akivaa sweta iliyochanika, utasikia, "Leo umevaa ya kushoto." Mvulana akiachwa na mpenzi, wenzake walimuuliza kama alikuwa amesimama kushoto.

Alipotoa kijitabu chake cha mifano, alipanga kurasa vilevile. Ukikifungua, kosa liko kushoto, sahihi iko kulia. Hakuandika "kosa" popote. Aliona kuandika hivyo ni kumtafunia mwanafunzi. Kurasa zote za kijitabu kile alinipa nizijaribu, isipokuwa hizo mbili za katikati. Alisema hata kipofu wa darasa lake anajua kushoto ni nini.

Mfano wa kurasa hizo ulikuwa wa mto. Aliuchagua kwa sababu alikuwa na wanafunzi kutoka Nyatike, ambako mto hufurika karibu kila msimu wa mvua kubwa. Ukurasa wa kushoto ulikuwa hivi:

kipimo = input("Maji yamefika sentimita ngapi? ")
if kipimo > "90":
    print("Hameni")
else:
    print("Salama")

Hata asiyejua kompyuta anaweza kuusoma. Unaandika kimo cha maji. Kikizidi tisini, mashine inasema Hameni. Kisipozidi, inasema Salama. Ukijaribu sitini, Salama. Ukijaribu tisini na tano, Hameni. Lakini ile tisini imewekwa ndani ya alama za kunukuu, na kipimo unachokipiga nacho kinapokelewa kama maandishi, kwa hiyo kompyuta haihesabu. Inalinganisha maneno kama kamusi inavyoyapanga, kwa kutazama herufi ya kwanza. Mia moja na nne inaanza na moja. Moja inatangulia tisa. Basi kwa ukurasa ule, maji ya sentimita mia moja na nne ni Salama.

Ukurasa wa kulia ulibadilisha vitu viwili tu, kipimo kikageuzwa kuwa namba, na tisini ikavuliwa zile alama. Lilikuwa somo zuri sana. Nimewaona watu wakilielewa, na nyuso zao zikibadilika.

Simu ilikuja adhuhuri moja ya msimu wa mvua, tukiwa ofisini. Madam huweka simu kwenye kipaza sauti kwa sababu hapendi kuishikilia sikioni, kwa hiyo niliyasikia yote. Alikuwa kijana wa kijiji cha chini, anayesaidia kamati ya mafuriko ya kwao. Mtu wao husimama kando ya nguzo iliyopakwa rangi mtoni, anasoma kimo, anampigia. Yeye huingiza namba kwenye kompyuta, halafu hutangaza kwa kipaza sauti cha kanisa. Hakuwa amewahi kusoma chuoni kwetu.

"Madam, asubuhi maji ilikuwa tisini na sita. Imesema Hameni. Nikatangaza, watu wakaanza kutoa vitu."

"Eeh."

"Halafu ikafika mia moja na nne. Ikasema Salama."

Madam aliweka kalamu chini.

"Nikatangaza Salama," kijana akasema. "Watu wakarudisha mbuzi."

"Wewe uliona mia moja na nne kwa macho yako?"

"Niliona, Madam. Lakini kompyuta imesema salama. Nikafikiria pengine kuna hesabu iko ndani sielewi."

"Watu wako wapi?"

"Wako shuleni, juu. Wote wako. Kuna mama mzee tumetoa juu ya paa ya jiko yake. Mbuzi zimeenda, na mahindi."

Madam alifumba macho. Kisha akauliza, kwa sauti ya darasani, "Ulitumia ukurasa gani?"

"Ule wa mto."

"Wa kushoto ama wa kulia?"

Nilisikia karatasi ikigeuzwa.

"Madam, kwani kuna wa kulia?"

Alikuwa ameupata kwa binamu yake, ambaye aliupata kwenye duka la kutoa nakala, ambako mtu akiomba "ule mfano wa mto" alitolewa nakala ya karatasi moja. Karatasi moja haina kushoto. Chini yake kulikuwa na jina la Madam na nambari yake ya simu, kwa kuwa aliamini anayefundisha lazima apatikane.

Alimwongoza kijana yule kurekebisha mistari, palepale, neno kwa neno, akamwambia ajaribu mia moja na nne. "Imesema Hameni," kijana akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa mwavuli baada ya kulowa.

Kesho yake Madam alianza kutembea akizitafuta nakala. Nilifuatana naye mara kadhaa, nikiwa na tabia ya kutaka kuona mambo yanakoishia. Duka la kwanza lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu aliyekuja Homa Bay zamani kufanya biashara ya karatasi na vitabu, mtu wa maneno laini. Alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na ukurasa uliokwisha kufifia kwa kunakiliwa.

"Mwalimu, ya kwangu hii hapa. Ichukue, uichane ukitaka. Lakini zilizokwisha toka mkononi mwangu siwezi kuziita zirudi. Na kila aliyechukua, mama yangu, amempa mwenzake."

"Unawakumbuka?"

"Nakumbuka nyuso. Nyuso utazitafuta wapi?"

Madam aliichana. Jioni hiyo katibu muhtasi alimwonyesha ukurasa uleule katika simu yake, umepigwa picha juu ya meza ya mtu fulani, kikombe cha chai pembeni, umetumwa katika kundi la vijana ambalo hakuna aliyejua nani alilianzisha.

Madam akaandika karatasi mpya. Juu yake, kwa herufi kubwa, aliandika kwamba mfano wa zamani wa mto una kosa na usitumike, akaeleza kosa, akaweka sahihi, akaweka na majaribio ya namba ndogo na kubwa. Safari hii alinipa niijaribu. Ilikuwa wazi kuliko kitu chochote alichowahi kuandika, na ilijaza kurasa mbili. Tuliisambaza Homa Bay, Rongo, Migori mjini. Mkufunzi mmoja wa Migori aliipokea kwa furaha. Tuliporudi, tuliikuta ameibana nyuma ya ile ya zamani.

"Tumeongeza," alisema.

Karibu na stendi ya Migori tulimpata kijana mwenye duka la kutengeneza simu, aliyekuwa akiwafundisha wenzake jioni. Madam alimpa karatasi mpya. Aliipima kwa macho.

"Madam, hii ni refu. Ile ya kwanza inawork. Mimi nimetry."

"Ulijaribu na namba gani?"

"Tisini na tano."

"Jaribu mia."

"Ah, Madam. Hapa kwetu maji haiwezi fika mia."

Wenzake wakacheka. Madam alimsihi, kijana akajaribu, akaona, akasema "Wah!" na akaahidi kufuta. Labda alifuta. Ndani ya gari Madam alizihesabu karatasi zilizobaki hadi Rongo. Hapo akaniambia kwamba kama angetumia x na y, kama wale aliowacheka, hakuna mtu ambaye angeubeba mfano ule kwenda nao mtoni.

Alistaafu muda si mrefu baadaye, akarudi Rusinga. Watu wa chuo walisema amechoka. Karatasi ya zamani iliendelea kuonekana. Kila iliponifikia nilimpelekea habari, kisha nikaanza kuchagua zipi nimpelekee.

Nilikwenda kumwona mwezi huu. Alikuwa ameketi kwenye veranda na simu mbili mezani, ya kwake na ya jirani. Alinikaribisha, akanipa chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuzungumza kwa kirefu.

Alikuwa amepigiwa simu na mwanamke asiyemjua. Mwanamke alikuwa na haraka na furaha. Alisema, "Madam, hatujuani. Nimeona jina yako chini ya karatasi. Nilitaka tu kusema asante, huo mfano wa mto tunautumia hapa kwetu."

"Nikamuuliza, hapo kwenu ni wapi," Madam aliniambia. "Mtandao ukaanza kukatakata. Nikamwambia, mama, jaribu mia, jaribu mia. Sijui alisikia. Ikakatika."

"Karatasi mpya ina jina lako pia," nilisema.

"Inayo."

"Na ule wa kulia."

"Pia. Hata mimi najiambia hivyo."

"Alizungumza Kijaluo?"

"Kiswahili. Kama cha kila mtu."

Alinisogezea simu. Niliipiga ile nambari kwa simu yake, kisha kwa ya jirani, kisha kwa yangu, na mara zote sauti ileile ya kurekodiwa ikaniambia mteja hapatikani. Madam alisema huwa anaipiga akiamka, kabla ya chai. Niliporudi mjini nilikwenda ofisi ninazozijua, nikawapigia walimu wa Nyatike na wa upande wa Kuria. Kila mmoja alisema atauliza. Yule kijana wa kijiji cha chini aliuliza kamati zote anazozifahamu. Hakuna iliyosema ni yao.

Mvua zimeanza huko juu milimani, na mito yote ya upande huu imebadilika rangi. Nambari ile bado haipatikani. Hatujui ni mto upi, wala kama karatasi waliyo nayo ni ya kushoto au ya kulia.